Malaika Hakumhubiria Eliya

Wapenzi, leo sisomi sura nzima. Nawakumbusha mtu mmoja tu, aliyejilaza chini ya mretemu, mwendo wa siku moja ndani ya jangwa kutoka Beer-sheba. Mnamjua. Siku chache nyuma alikuwa juu ya Karmeli, na moto ulishuka mbele ya macho ya taifa zima. Sasa malkia ametuma neno kwamba atamwua, naye amekimbia, amemwacha mtumishi wake njiani, amejitupa kivulini na kuomba afe. Si mlevi huyu. Si mpagani. Ni nabii, na anaomba kufa.

Malaika akaja. Na malaika yule, sikieni vizuri ninyi wenzangu mnaoshika mikrofoni kila Jumapili, hakuhubiri. Hakumwambia ajikaze. Hakumwuliza imani yake imepotelea wapi. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena. Akarudi, akamgusa mara ya pili, akamlisha tena, maana safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu za mtu yule. Swali lilingoja siku arobaini, mpaka Horebu. Likaulizwa mara mbili, na mara zote mbili Eliya aliachwa atoe maneno yake yale yale mpaka mwisho, bila kukatizwa.

Nimekihubiri kisa hiki muda mrefu nikikimbilia tetemeko, moto na ile sauti ndogo. Mkate nilikuwa nauruka. Usingizi nilikuwa nauruka. Leo natubu mbele yenu, kwa sababu kuna mtu aliyeumia kwa kuruka kwangu.

Ilikuwa katika kambi moja ya waliokimbia vita, kati ya Sake na Goma. Mama mmoja wa milima ya Masisi alinisubiri baada ya ibada, amesimama nyuma ya hema mpaka watu wote wametawanyika. Akaniambia maneno matano: "Mchungaji, usiku nasikia harufu ile." Sikumwuliza harufu gani. Nilijua, au nilidhani najua. Kambini pale kila mtu aliacha nyumba iliyoungua nyuma yake. Nikafungua Kitabu, nikamsomea habari za msamaha, nikamwambia asamehe na asahau, nikamwekea mikono kichwani. Dakika kumi. Akasema, "Asante, mchungaji," kwa adabu ile ya mama zetu inayofunga mlango polepole ili usisikie. Hakuja kwangu tena.

Baadaye nilimsimulia jambo hilo msichana mmoja aliyekuwa anamaliza masomo ya saikolojia, yuko kwenye staji yake. Nilimsimulia nikitaka anisifu kidogo, kama sisi wachungaji tunavyopenda. Hakunisifu. Aliniuliza, "Baba mchungaji, yule mama alisema nasikia, au alisema nilisikia?" Nikajibu kwamba alisema nasikia. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi kwake bado haijaisha."

Wapenzi, nimesomea thiolojia. Nimejifunza Kigiriki kidogo na Kiebrania kidogo zaidi. Hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba kati ya "na" na "li" yuko mtu anayezama.

Elimu ya msichana yule ndiyo ninayoihubiri leo. Sihubiri huruma, huruma mnayo, mmewapokea wageni ndani ya nyumba za vyumba viwili mpaka mkalala mmeketi. Nahubiri kusoma. Nahubiri shule ndefu, yenye vitabu vizito na hesabu ngumu, inayohusu jeraha lisilotoa damu.

Wanaosomea akili ya binadamu wanatuambia hivi. Jambo la kawaida huingia katika kumbukumbu likiwa na anwani yake. Harusi yako unaikumbuka, na unajua ilikuwa Kitchanga, ilikuwa kiangazi, mjomba alilewa kasiksi akaangusha sufuria. Lakini jambo la kutisha kupita kiasi huingia kwa fujo. Harufu inabaki, mlio unabaki, mapigo ya moyo yanabaki, baridi ya matope chini ya magoti inabaki. Anwani ndiyo inayopotea. Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, waliofanya kazi hii pamoja katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, husema iko kumbukumbu ya moto na iko kumbukumbu ya baridi, na kwa mtu aliyejeruhiwa hivi ile ya moto imekatika kutoka kwa mwenzake anayejua tarehe na mahali. Ndiyo maana jambo la miaka kumi iliyopita linampata mama usiku wa leo, na moyo wake unakimbia kana kwamba wenye mapanga wako mlangoni. Wazee wetu waliliona zamani: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ila methali inatuambia tu kwamba atashtuka. La kumfanyia haisemi.

Wale wa Konstanz wanalo la kumfanyia. Wanatandaza kamba sakafuni: hapa ulizaliwa, kamba inaendelea mpaka leo. Kwa kila jema unaweka ua. Kwa kila baya unaweka jiwe. Kisha, kikao baada ya kikao, unasimulia maisha yako kwa mpangilio, na mnapofika kwenye jiwe hamruki. Mnasimama pale pamoja. Ilikuwa mwaka gani? Mahindi yalikuwa yamekomaa? Ulikuwa umeangalia upande gani? Mwili unasema nini sasa hivi, na siku ile ulisema nini? Msikilizaji anaandika, na kikao kinachofuata anakusomea simulizi yako mwenyewe. Polepole harufu inapata anwani. Ukitaka kuieleza kazi ile kwa Kiswahili chetu, ni kumsaidia mtu ahamishe kitenzi chake kutoka "na" kwenda "li". Dakika kumi zangu hazikugusa hata fundo la kwanza la kamba hiyo.

Kwa hiyo nawaita ninyi mliozaliwa Nyabiondo, Mweso, Rubaya na Ngungu. Ninyi wa Pinga, Mubi, Itebero na Ntoto. Someni saikolojia! Na mkishaanza, msiishie njiani. Msiishie kwenye lisansi na picha ya toga ukutani. Fikeni masta. Wengine wenu, fikeni doktora, hata kama nywele zitaanza kupata mvi kabla ya siku ya kutetea.

Najua mtakavyonijibu, kwa maana nimejibiwa tayari, na jibu lenyewe si la kijinga. Mnasema: Baba, hapa wako mama washauri. Wako wasaidizi waliopata semina. Hawana masta, na watu wanasaidika. Mnaweza hata kunitolea ushahidi, nami nitautoa kwa niaba yenu. Mwaka 2013 Judith Bass, Paul Bolton na wenzao walichapisha matokeo ya kazi iliyoanza katika vijiji 16 vya mashariki ya Kongo, kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Waliowatibu walikuwa wasaidizi wa kijijini wenye miaka michache tu ya sekondari. Vikao vilikuwa 12, karibu vyote vya kikundi. Wanawake wengi hawakujua kusoma, basi mazoezi yakageuzwa ya kukariri kichwani badala ya kuandikwa. Miezi sita baadaye, katika vijiji vya tiba ni asilimia 9 tu waliobaki na dalili za huzuni nzito au hofu. Katika vijiji vilivyopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, asilimia 42. Utukufu kwa Mungu! Nami nilipoisoma habari hiyo nilipiga magoti kweli, si kwa mfano.

Lakini endeleeni kusoma mpaka chini. Nani aliwafundisha wale wasaidizi tiba ile? Walitoka Marekani. Nani alikuwa nyuma ya wasimamizi wetu Wakongo, akiulizwa kila kazi ilipokwama? Ngazi ya usimamizi ilipanda kutoka kijijini, ikapita ofisini, ikavuka bahari. Nani aliandika, akapima, akaamua swali lipi liulizwe na lipi liachwe? Yule dada wa kijijini aliifanya kazi vizuri kwa sababu juu yake alisimama mtu aliyesoma sana, naye juu yake mwingine aliyesoma zaidi. Shirika linapofunga mradi, ngazi inakunjwa kama hema. Dada anabaki kijijini peke yake na fulana, kalamu na majeraha ya watu mia mbili kifuani mwake. Na usiku, naye anasikia harufu.

Hapo ndipo ninapodai masta. Sidai kwamba kila mama aliyeumia apate bingwa. Nadai kwamba ngazi yote, kuanzia chini mpaka juu, iwe yetu, isikunjwe saa kumi jioni gari jeupe linapowahi kurudi mjini.

Tena niseme neno gumu kuhusu huruma isiyosoma. Kuna wakati duniani watu wema waliamini kwamba baada ya msiba ni kuwakusanya walioponea, mara moja, na kuwataka wamwage yote waliyoyaona. Lilionekana jambo la upendo. Lilipopimwa kwa utafiti, halikuwazuia watu kupata kiwewe, na kuna walioonekana kuwa hali yao imezidi kuwa mbaya. Leo mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia, uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2011, unasema tofauti: tazama, sikiliza, unganisha mtu na msaada, wala usimlazimishe asimulie. Maji, blanketi, mtoto wake aliyepotea atafutwe. Mnakumbuka malaika alianza na nini? Sisi wa semina za siku tatu tulikuwa tunafungua kidonda siku ya pili na kupiga picha ya pamoja siku ya tatu. Hata marafiki wa Ayubu walifanya vizuri kwa siku saba, walipoketi chini naye wamenyamaza. Waliharibu walipofungua midomo.

Sasa nawapeleka mahali ambapo mdomo wenyewe unakuwa mzito.

Machi 1993, soko la Ntoto kule Walikale liligeuzwa uwanja wa mauaji. Waliouawa pale wengi wao walikuwa Wahutu. Moto ukapanda mpaka Masisi, na kabla ya mwaka kwisha kila kabila lilikuwa na wake wa kuzika. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mzee wa kanisa, ana watoto, na hajawahi kuona miaka mitano ya amani mfululizo. Machi 2010 watafiti walipita nyumba hadi nyumba katika mashariki ya Kongo, wakahoji watu wazima 998. Asilimia 50.1 walikuwa na dalili za kiwewe, asilimia 40.9 dalili za ile huzuni nzito ambayo madaktari huiita sonona. Makala ikachapishwa katika jarida la madaktari wa Marekani mwanzoni mwa Agosti 2010. Na siku zile zile, tangu 30 Julai hadi 2 Agosti, kwenye barabara ya Kibua na Mpofi, Luvungi na vijiji jirani, vijiji 13 kwa jumla, vilikuwa mikononi mwa wenye silaha. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Wanawake 300. Wasichana 55. Wanaume 23. Wavulana 9.

Nimetaja wanaume na wavulana kwa makusudi, kwa maana katika makanisa yetu hao hawana hata benchi la kukalia. Mama angalau husubiri nyuma ya hema. Baba hasubiri popote. Anakunywa, anapiga, au anakwenda kwenye machimbo na harudi.

Mwaka 2020, baada ya miaka kumi, mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka, mmoja wa viongozi wa wenye silaha wale, kifungo cha maisha. Ni vema. Haki ni mkate pia. Lakini hakimu hana kamba ya kutandaza sakafuni, na hukumu haimfikii mtu usiku.

Na vita haikungoja tutibiwe. Aprili 2024 Rubaya ilichukuliwa na waasi wa M23, pamoja na koltani yake ambayo dunia nzima inaibeba mfukoni ndani ya simu. Januari 2025 Masisi-Centre, Sake, Goma. Machi, Walikale-Centre, kisha wakaondoka. Februari kambi za Bulengo na Lushagala zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao, nao wakarudi na magodoro kichwani kwenye vilima ambako nyumba ni majivu. Kila atakayesimama kuwahudumia watu hawa atakuta jeraha juu ya jeraha juu ya jeraha. Mtanipa mtu wa semina ya siku tatu kwa kazi hiyo? Mkono uliovunjika mara tatu humpelekei mtoto wa darasa la sita!

Wengine wenu mna shaka na saikolojia yenyewe. Mnasema ni jambo la wazungu. Mna sababu, wala sitaificha. Ilipokuja Kongo mara ya kwanza haikuja kuuliza unaumwa wapi. Ilikuja kupima. André Ombredane, profesa wa Brussels, alitengeneza picha za kuwaonyesha Wakongo ili kuchungua wanavyofikiri, na kazi yake juu ya picha hizo ilichapishwa huko Brussels mwaka 1954. Babu zetu walikuwa kitu cha kutazamwa. Aliyetazama aliandika kitabu. Aliyetazamwa akarudi shambani kulima kahawa ya bwana. Sasa niambieni: dawa ya hilo ni kukimbia shule, au ni kukalia kiti cha yule anayeandika?

Na kiti hicho kina kazi ambayo mgeni hataiweza hata akiwa malaika. Chukua karatasi ya maswali iliyopimwa Marekani au Ujerumani, itafsiri harakaharaka, umfuate bibi mmoja wa Ntoto umwulize kama "anajisikia mbali na watu wengine". Atakujibu: ndiyo, watoto wangu wako Pinga. Utaweka alama, utahesabu, utaandika ripoti, na itakuwa uongo wenye takwimu safi. Nani atatafuta namna Kihunde kinavyosema moyo uliokufa ganzi? Nani atasikiliza Kinyanga, Kitembo, Kinyarwanda cha Masisi, na kujua kwamba mtu akisema ana "mawazo mengi" hasemi juu ya kufikiri? Nani atatofautisha kifafa na pepo, na maombolezo ya haki na ugonjwa? Kutafsiri swali, kulirudisha katika lugha ya kwanza na mtu mwingine, kulipima kwa watu, kulikataa, kulianza upya: hiyo ni kazi ya masta. Inachosha, haina makofi, na baba yangu mzazi asingeielewa. Ifanyeni.

Wako na wale tusiotaka kuwasikia kabisa. Namaanisha vijana waliotoka porini. Yule mtu wa Gadara, aliyekaa makaburini akijikata kwa mawe, Yesu alimwuliza jina, naye akataja jina la jeshi. Jeshi! Wako vijana Masisi ambao ukiwauliza jina wanakutajia kundi. Waliingizwa wakiwa na miaka kumi na miwili. Watafiti wa Konstanz walikaa nao Goma, wakaandika jambo ambalo sisi wahubiri tunalijua lakini tunaona haya kulitamka: kwa wengine, kupiga na kuua kulikuja kuwa na utamu, na utamu huo ulikuwa kama ngao iliyowazuia kuzimia kwa hofu. Kwa hao waliongeza kitu kwenye kamba. Ua kwa jema, jiwe kwa baya lililokupata, na kijiti kwa baya ulilolitenda wewe. Kijana anaviona vyote vitatu katika maisha yake mamoja, vimelala sakafuni.

Mimi naita kijiti kile dhambi, na sitaacha kukiita hivyo. Lakini nimewahi kuwaungamisha vijana wa namna hiyo, nikaona tunaruka mawe ili tufike upesi kwenye vijiti, na kijana anaondoka amesamehewa na bado hajalala.

Msifikiri ni mageni haya. Mwaka 1956, huko Walikale, mwimbaji She-Karisi Rureke alimwimbia Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo, ambao Biebuyck na Kahombo Mateene, msomi wa Kinyanga, waliuchapisha mwaka 1969. Wanyanga mnaoketi hapa mnaujua kuliko mimi. Mwindo alimwua joka, na Nkuba, ambaye ni radi na alikuwa rafiki wa joka, akamtwaa juu. Huko shujaa alipigwa na baridi, na mvua, na jua, mpaka majivuno yakamtoka. Ndipo aliporudishwa kwao, akawakusanya watu, akawasimulia aliyoyaona. Aliyeua hakurudishwa kijijini moja kwa moja kwa ngoma. Alipitishwa kwanza mahali pa kuhisi tena baridi na joto, halafu akasimulia. Nani kati yenu ataandika kazi ya doktora juu ya hilo? Naiombea mada hii mtu wa kuishika.

Na huyo atakayesoma, ajue kuna saa atakayotamani angelisomea uhasibu. Atafunguliwa mlango na mtoto wa mtu aliyechoma nyumba ya baba yake. Yuko mbele yake, anatetemeka, hajalala siku nne. Mhunde mbele ya Mhutu, Mtutsi mbele ya Mnyanga, popote duara hili linapogeukia. Kanuni za kazi yake zitamwambia: mpokee, tunza siri yake, usimwambie hata mume wako, hata mchungaji. Naam, hata mchungaji, nitakapokuuliza, ninyime. Katika kijiji ambako kila mtu ni shemeji wa mtu, siri hiyo itakuwa mzigo mzito kuliko gunia la mkaa. Ndiyo maana mafunzo yake yanadai miaka, na ndiyo maana yeye mwenyewe anahitaji mkubwa wake wa kumsikiliza kila wiki.

Mtaniuliza, tusomee wapi na benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukanyamaza? Nawakumbusha njia ya zamani. Vyuo vikuu vya nchi vilipounganishwa kuwa kimoja mwaka 1971, masomo ya saikolojia na ualimu yaliwekwa Kisangani, na Chuo Kikuu cha Kisangani bado kinayafundisha. Barabara ya kwenda huko kutoka Bukavu inapita wapi? Inapita Walikale! Inapita Lubutu. Ndiyo, ni matope. Lori linalala njiani wiki. Lakini kasiteriti ya machimbo ya Bisie ilipotakiwa, ndege zilitua juu ya lami kule Kilambo, barabarani, ili kuichukua. Jiwe lilitafutiwa ndege. Mtoto wa kijiji hicho hicho akitaka kusoma, tunamwambia barabara ni mbaya. Mjini Goma, Ndugu wa Upendo wana kituo cha wagonjwa wa akili, nacho wamekiita Tulizo Letu, jina la Kiswahili, ambalo hata asiyekwenda shule analielewa. Wanafunzi wenye kutaka kuona kazi, iko pale.

Wazazi, nanyi acheni kumwuliza binti, "Unasomea wazimu?" Mmeuza ng'ombe ili kaka yake asomee haki, na sasa ana suti na hana kesi. Sina ugomvi na mawakili. Nasema tu ng'ombe wa pili auzwe.

Na sisi wa makanisa, aibu ni yetu. Tumechanga mabati, tumechanga sinthesaiza, tumechanga gari la mchungaji, na mimi nimelipanda. Hatujawahi kuchanga minervali ya mtu mmoja asomee moyo uliovunjika, ambao tunauimba kila Jumapili. Masisi wana maharagwe, viazi na jibini. Walikale wana mawese. Hakuna asiye na kibaba. Mkulima wa Katale akitoa gunia moja kwa mavuno, na mama wa Mubi akitoa kidumu kimoja, mwanafunzi anavuka mwaka. Kwa sharti moja, nalo ni la Gadara: yule mtu alipopona alitaka kupanda mashua aende zake na Yesu, akaambiwa arudi nyumbani kwa watu wake. Anayesomeshwa na maharagwe ya Masisi atarudi Masisi. Ofisi za Kinshasa na Nairobi zitamtafuta na zitamlipa vizuri. Nasi tumwandalie nyumba isiyovuja kabla ya kumlaumu.

Kwetu tumeanza. Kuanzia mwezi ujao, Jumapili ya kwanza, pembeni ya vikapu viwili mnavyovijua kitawekwa cha tatu. Karatasi ya majina iko kwa mama shemasi. Uje na diploma yako ya Serikali; kama iliungua na nyumba, njoo vivyo hivyo, tutakusindikiza kuitafuta upya. Njoo na mzazi wako, hasa yule anayekataa. Na yeyote ambaye usiku kuna kitu anakisikia, naye aje, hata kama hataki kusoma chochote. Yule msichana wa staji amekubali kuwapo. Mimi nitakuwa chini ya mkaratusi wa nyuma. Kutakuwa na mikate na chai, na sitahubiri.